Soko la Wajir na Mwanamke Aliyekataa Kurithisha Vita

Usiku mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1990, risasi zikilia mjini Wajir, mwalimu mmoja kijana alimkumbatia mwanawe mdogo wakajificha chini ya kitanda mpaka pakatulia. Kulipokucha, mama yake mzazi alimweleza jambo ambalo yeye hakuwa na umri wa kulikumbuka. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Shifta, mama huyo naye aliingia chini ya kitanda akiwa na binti yake mchanga kifuani. Binti huyo ndiye mwalimu huyu.

Jina lake ni Dekha Ibrahim Abdi. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi baadaye, na hesabu yake haihitaji karatasi. Bibi alijificha na binti, binti akajificha na mjukuu. Pasipotokea mtu wa kuikata kamba hiyo, mjukuu naye atakuja kuingia chini ya kitanda na mtoto wake.

Kenya humkumbuka Dekha kama mpatanishi wa kimataifa, mshindi wa tuzo ya Right Livelihood ya mwaka 2007. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini inamtoa mahali alipotoka, na mahali hapo ndipo penye somo. Kabla ya majukwaa ya Ulaya palikuwa na mji mdogo, darasa la watoto, arusi za majirani, soko la maziwa na mboga, na kikundi cha wanawake wachache wasio na ofisi wala fedha. Nguvu za Dekha zilitoka huko. Katika mji kama ule mwanamke hujua nani kaolewa wapi, nani anamdai nani, mzee yupi husikilizwa na nani, na kijana yupi amepotea nyumbani tangu juzi. Ujuzi huo, ambao hauandikwi kwenye cheti chochote, ndio uliosimamisha vita ambavyo bunduki za serikali zilishindwa kuvisimamisha.

Wajir iko kaskazini-mashariki mwa Kenya, katika nchi tambarare na kavu inayopakana na Somalia na Ethiopia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 781,263 katika kaunti nzima, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 55,000. Uhai wa nchi hiyo ni mifugo na visima. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji yake yako karibu mno na uso wa ardhi, kiasi kwamba kuchimba choo cha shimo ni kuhatarisha kisima. Ndiyo maana kwa miongo mingi watu wa mjini walitumia vyoo vya ndoo. Anayetaka kujua kwa nini koo za Kisomali za Ajuran, Degodia na Ogaden zimewahi kumwagiana damu aanzie kisimani. Mvua ikikosa msimu mmoja, swali la ngamia wa nani atakunywa kwanza huwa swali la nani atabaki na mali na nani atakuwa maskini.

Hata hivyo, ukame peke yake hauelezi yaliyotokea. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo kwa sababu ya vuguvugu la kutaka kujiunga na Somalia, lililozaa vita vya Shifta. Vita hivyo vilikwisha kabla ya muongo huo kwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964. Alijifunza kutembea, akaingia shule, akawa mtu mzima, yote hayo chini ya sheria ambazo Wakenya wa Nyeri au Kisumu hawakuwa nazo.

Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi mwa mji, wakashikiliwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilitaja vifo 57. Manusura na jamaa zao hawajawahi kuikubali hesabu hiyo, na wamesema siku zote kwamba waliokufa ni wengi mno kuliko hao. Miongoni mwa waliowaendea majeruhi na kukusanya maiti alikuwa Annalena Tonelli, Muitaliano aliyekuwa akiwatibu wafugaji kifua kikuu mjini humo. Mji uliopitia hayo haukuwa na sababu ya kumwona askari kama mtetezi. Ulipokuja kuungua tena, hakuna aliyetarajia kuokolewa na Nairobi.

Na ulikuja kuungua. Januari 1991 serikali ya Somalia ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na silaha zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Ukame ukala mifugo. Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, na wanasiasa wakahesabu kura kwa koo. Mambo hayo matatu yalipokutana, Wajir iligawanyika mtaa kwa mtaa. Watu waliuawa njiani na malishoni, mifugo ikaporwa, wanawake wakabakwa, na walimu na watumishi waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaanza kuondoka. Mapigano yaliendelea kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Wakati huo Dekha alikuwa hajafika umri wa miaka 30. Alikuwa mwalimu, mke na mama. Alikulia katika mtaa wenye watu wa makabila na dini mbalimbali, akasoma na watoto wa kila namna, na urafiki huo wa utotoni haukumtoka. Mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo ana nafasi ambayo haina kifani. Watoto wa pande zote za ugomvi hukaa kwenye madawati yake. Anapoita majina asubuhi na watoto watatu wa ukoo mmoja hawapo, anajua kuna jambo kabla chifu hajajua.

Kuna jambo jingine linalohusu nafasi ya mwanamke katika jamii ya Wasomali. Huzaliwa katika ukoo wa baba yake, akaolewa katika ukoo mwingine, na watoto anaowazaa huwa wa ukoo wa mumewe. Koo hizo mbili zikipigana, kaka zake wako upande mmoja na wanawe upande wa pili. Mshindi awaye yote, yeye atakaa matanga. Wakati huohuo mila haimpi kiti mahali wazee wanapokaa kuamua mambo ya vita, fidia ya damu na mapatano. Mwanamke hubeba gharama yote na hana kura. Hali hiyo ingeweza kumfanya akae kimya. Dekha na wenzake waliisoma vingine: mtu mwenye jamaa kila upande anaweza kuingia kila nyumba.

Mwanzo wenyewe ulikuwa arusi. Katikati ya mwaka 1993, wanawake waliokutana kwenye sherehe ya ndoa walijikuta wakizungumzia mauaji. Wengi wao walikuwa wamesoma, wana kazi, na walifahamiana tangu utotoni ingawa koo zao zilikuwa vitani. Waliona aibu kwamba wao wenyewe, wenye elimu na mishahara, walikuwa wameanza kukwepana kwa sababu ya ukoo. Wakakubaliana kukutana tena. Hawakuandika katiba wala kutafuta mfadhili. Walianza na jambo lililokuwa mbele ya macho yao kila siku, nalo ni soko.

Soko la Wajir ni la wanawake. Wao ndio wanaouza maziwa ya ngamia na ya mbuzi, mboga, nyama na nafaka, na wao ndio wanaonunua. Vita vilipopamba moto, soko nalo likagawanyika. Mwanamke wa ukoo huu alikataa kumuuzia wa ukoo ule, wauzaji wakafukuzwa kwenye vibaraza vyao, ngumi na mateke vikafuata. Familia ambayo mama yake hawezi kufika sokoni hulala njaa hata kama hakuna risasi iliyoigusa. Na ugomvi wa wauza maziwa wawili jioni ulikuwa unafika masikioni mwa vijana wenye bunduki kabla ya sala ya Isha.

Dekha na wenzake waliingia humo wakiwa na ombi moja: kila mwanamke, awe wa ukoo wowote, awe huru kuuza na kununua. Walikwenda kibaraza kwa kibaraza, wakazungumza na wauzaji, wakaweka wanawake wa koo mbalimbali wa kuangalia mwenendo wa soko siku baada ya siku. Palipotokea kisa, kilishughulikiwa palepale, na wahusika wakapatanishwa kabla habari haijaongezewa chumvi njiani. Taratibu soko likatulia. Jambo hilo linaonekana dogo kwa mtu aliyekaa mbali. Kwa watu wa Wajir lilikuwa ushahidi wa kwanza, ulioonekana kwa macho na kupimwa kwa kibaba, kwamba koo zile zinaweza bado kukaa pamoja.

Wanawake hao hawakujidanganya kuhusu uzito wa kazi. Mapema kabisa waliulizana swali gumu: kama ukoo wangu utaua jamaa zako kesho, je, utaendelea kukaa nami hapa tukitafuta amani? Asiyeweza kuitikia alikuwa huru kuondoka. Swali hilo lilikuwa msingi wa kila kilichofuata, kwa sababu haikupita muda mrefu kabla ya kila mmoja wao kupata habari ya msiba.

Soko lilipotulia, wakawaendea wazee. Hapa ndipo ujuzi wa mji mdogo ulipofanya kazi yake. Wangeweza kumtafuta mzee mwenye jina kubwa kuliko wote, na kwa kufanya hivyo wangekuwa wameupa ukoo mmoja kipaza sauti. Wakachagua mzee wa ukoo mdogo kabisa kuwa msemaji, mtu ambaye hakuna upande mkubwa ungehofia kuwa anautetea upande mwingine. Mikutano ya wazee ikafanyika, ikavunjika, ikafanyika tena. Septemba 1993 wazee wa koo zilizokuwa zikipigana walitia saini Azimio la Al-Fatah, wakaweka kanuni za kurudisha mifugo iliyoporwa, kulipa fidia ya damu na kukomesha mashambulizi.

Azimio lisilolindwa ni karatasi tupu, na hilo walilijua. Vijana wakaunda kundi lao la amani, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakibeba bunduki. Wafanyabiashara wakachangia, kwa kuwa malori yao ndiyo yaliyokuwa yakivamiwa. Viongozi wa dini wakaingia. Wazee, wanawake, viongozi wa dini na maofisa wa usalama wakaunda kikosi cha kukimbilia mahali penye tukio mara habari inapofika, kabla kisasi hakijaondoka nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Wajir ulikuwa unazibwa kwa saa, si kwa miezi. Mwaka 1995 makundi hayo yote yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ikaingizwa katika mfumo wa maendeleo wa wilaya, na mkuu wa wilaya akawa mwenyekiti wake. Zikaanzishwa sherehe za amani ambapo machifu waliotunza utulivu katika maeneo yao walitunukiwa mbele ya watu.

Tazama mpangilio wa mambo. Wanawake wa sokoni, kisha wazee, kisha vijana, wafanyabiashara na mashehe, kisha serikali. Mkuu wa wilaya aliingia mwishoni, na aliingia katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Mipango mingi ya amani nchini huanza kwa mkuu, ikamwalika mzee, na kumkumbuka mwanamke siku ya kupika chakula cha wageni. Wajir ilianza upande wa pili, ikafanikiwa.

Wapo wanaosema kwamba Dekha alikuwa mtu wa ajabu, na kwamba watu wa ajabu hawawezi kufanywa kuwa mfano. Hoja hiyo inamsifu kwa mkono mmoja na kumfuta kwa mkono wa pili. Kipaji alikuwa nacho, hakuna ubishi. Lakini orodha ya aliyoyafanya mwaka 1993 haina muujiza hata mmoja. Alihudhuria arusi, akasema lililokuwa moyoni. Akatembea sokoni. Akakaa na wazee kwa adabu bila kuwaogopa. Akaitikia hodi za usiku. Akaamka asubuhi kwenda kazini, akarudi kuwahudumia watoto, akatoka tena. Kila mji mdogo wa Afrika Mashariki una mwanamke wa namna hiyo, na mara nyingi una zaidi ya mmoja: katibu wa chama cha akina mama, mkunga, muuza samaki ambaye magomvi ya mtaa mzima huishia kwenye benchi lake.

Kazi ya amani hufanana na kazi ya nyumbani. Hurudiwa kila siku. Ikifanywa vizuri haionekani, ikiachwa siku mbili kila mtu anaiona. Haina saa ya kutoka. Na kama kazi ya nyumbani, imekuwa kazi ya bure. Nauli ya kwenda kumpatanisha mtu hutoka kwenye pochi ya mama. Chai wanayokunywa wazee wakati wa mazungumzo hutoka jikoni kwake. Simu za kutuliza uvumi hupigwa kwa salio lake. Siku anayotoka dukani kwenda kwenye suluhu ni siku isiyo na mauzo. Hakuna bajeti ya kaunti inayohesabu hayo, na kitu kisichohesabiwa huchukuliwa kana kwamba hakina gharama.

Dekha mwenyewe hakuwahi kuitenga amani na riziki au afya. Baada ya miaka ya ualimu alifanya kazi katika mradi wa kupeleka huduma za msingi za afya kwa wafugaji wanaohamahama wilayani Wajir. Mtu anayefuata ngamia haji zahanati, basi zahanati imfuate. Aliyemchanja mtoto wa mfugaji au kumsaidia mkewe kujifungua salama ana neno linalosikika siku mfugaji huyo anaposhika bunduki. Huduma na upatanishi vilikuwa mkondo mmoja, maji yaleyale katika mitungi miwili.

Haitakuwa haki kuisimulia Wajir kana kwamba vita vilikwisha 1995 na hadithi ikaishia hapo. Oktoba 1998 wavamizi waliovuka kutoka upande wa Ethiopia waliwaua watu wengi wa ukoo wa Degodia huko Bagalla, na kamati ya amani ilikabili hasira ambayo nusura iteketeze kila kilichojengwa. Mwaka huohuo, uhusiano kati ya Waislamu na Wakristo mjini uliingia dosari, na wanawake wa dini zote mbili ikabidi wakae pamoja kutafuta njia. Baadaye, hasa mwaka 2014, mapigano kati ya ukoo wa Degodia na ukoo wa Garre kwenye mpaka wa Wajir na Mandera yaliua watu na kuwahamisha wengi. Wenye shaka husema hayo yanaonyesha kuwa juhudi za 1993 zilikuwa bure. Ukweli ni kwamba zahanati haifungwi kwa sababu malaria imerudi. Tofauti iliyoletwa na wanawake wale ni kwamba tangu wakati huo ugomvi ukitokea kuna mahali pa kuanzia, kuna watu wa kuitwa, na kuna namna ya kukaa ambayo watoto wa Wajir wamekua wakiiona.

Namna hiyo haikubaki Wajir. Wilaya nyingine za wafugaji ziliiga. Mwaka 2001 serikali iliunda kamati ya taifa ya kuratibu kazi za amani, na wazo la kamati za amani za wilaya likapata makao Nairobi. Dekha akaombwa kufundisha. Alifanya kazi na shirika la Responding to Conflict huko Birmingham, Uingereza, akawafunza wapatanishi kutoka nchi nyingi, akarudi na kuendelea kufanya kazi Kenya na nje yake. Alichota bila kificho katika mafundisho ya Uislamu kuhusu nafsi ya mtu: kwamba anayetaka kuwapatanisha wengine aanze kwa kuukagua moyo wake, aone chuki gani kaificha humo.

Kisha likaja jaribu la nchi nzima. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na Kenya ikalipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika wiki zilizofuata na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Siku moja tu baada ya matokeo, Dekha alikuwa amekwisha kukutana na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazarus Sumbeiywo, na George Wachira. Hao watano walianzisha kundi la Concerned Citizens for Peace. Kila asubuhi walifungua milango ya ukumbi katika hoteli ya Serena, Nairobi, kwa yeyote aliyetaka kusema au kusaidia, na Januari 2008 wakaandaa ajenda ya wananchi kuhusu njia ya kutokea. Kofi Annan alipokuja na jopo lake la upatanishi, alikuta wananchi wamekwisha kuanza kazi. Mapatano ya pande mbili za ugomvi huo wa uchaguzi yaliposainiwa tarehe 28 Februari, kamati za amani za wilaya zilikuwa miongoni mwa dawa zilizopendekezwa kwa nchi nzima.

Katika watano wale mwanamke alikuwa mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa ameshaifanya kazi hiyo mjini kwao, soko zima likimtazama.

Julai 2011 Dekha alikuwa safarini kuelekea Garissa, kwenye mkutano wa amani, gari lao lilipopata ajali. Mumewe na dereva walifariki. Yeye alifariki tarehe 14 mwezi huo, kabla ya kutimiza miaka 50, akaacha watoto wanne. Barabara ya kaskazini-mashariki aliyoisafiria maisha yake yote ndiyo iliyomchukua, akiwa kazini.

Kenya imeandika mambo mazuri tangu mwaka 2010. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 27 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge limeshindwa kuitungia sheria kanuni hiyo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sera ya kujenga amani na kudhibiti migogoro, inayozitambua kamati za amani. Mwaka 2016 serikali ilizindua mpango wa kutekeleza azimio namba 1325 la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, amani na usalama, na ikaupa jina la Kiswahili: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Ni jina zuri, na historia yake ilianza kuandikwa Wajir miaka 23 kabla ya uzinduzi. Ilibidi ifike 2017 ndipo kaskazini-mashariki yote ipate mwanamke wa kwanza aliyechaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, Sophia Abdi Noor wa Ijara. Eneo lililoifundisha nchi nzima kupatanisha lilichukua zaidi ya miaka 50 ya uhuru kumpa mwanamke kiti hicho.

Basi yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji semina. Serikali za kaunti ziweke fungu la fedha katika bajeti kwa ajili ya kamati za amani, na fungu hilo lilipe nauli, simu na siku za kazi za wanakamati, bila kusubiri mfadhili aje vita vikishaanza. Kamati hizo zijazwe wanawake wanaofanya biashara, wanaofundisha, wanaouguza, wale ambao watu huwapigia hodi tayari. Zisijazwe majina yaliyotumwa kutoka kwa mwanasiasa. Wizara ya Elimu iweke kisa cha soko la Wajir katika vitabu vya historia vya shule za Kenya, kama vile watoto wanavyofundishwa kuhusu Mekatilili wa Menza na Wangari Maathai. Mtoto wa Wajir asome kwamba mji wake una kitu cha kuwafundisha wengine, na mtoto wa Eldoret au Likoni asome hivyohivyo.

Na lipo moja la msomaji mwenyewe. Jina la Dekha limehifadhiwa kwa sababu alipata tuzo na kuandikwa. Wengi wa wanawake waliokwenda naye kibaraza kwa kibaraza mwaka 1993 hawajulikani nje ya mji wao, na kila mwaka idadi yao inapungua. Ndivyo ilivyo pia Kapenguria, Isiolo, Lamu na Mpeketoni. Kama una mama, shangazi au jirani aliyewahi kusimama katikati ya watu waliotaka kuuana, mwendee wikendi hii na daftari. Muulize ilikuwa mwaka gani, walikuwa nani, walikaa wapi, walisema nini, na nani alilipa nauli. Uandike majibu yake, na juu ya ukurasa uandike jina lake kamili.